Siku Kumi za Kumshonea Maiti

Jumapili tatu nilikaa kwenye kochi la binti yangu nikisubiri maiti atokee, na maiti hakutokea.

Binti yangu anakaa Queensburgh, pembeni mwa Durban, ghorofa ya pili. Nikitoka kanisani napanda teksi mpaka kwake, nakula fufu na sombe ya majani ya muhogo, navua viatu, halafu mjukuu wangu ananiwashia televisheni. Mjukuu huyu wa kike ana miaka kumi na sita. Amempita mama yake kwa urefu, paji la uso ni langu, na darasani kwao hakuna wa kumshinda historia. Najisifu? Najisifu. Nimezaa sita, nimezika wawili, nimevuka mipaka minne na cherehani kichwani. Sasa nijishushe mbele ya nani?

Mwalimu wake wa historia, mama mmoja mkali, alikuwa amewapa kazi. Kila mmoja achague tamthilia moja ya televisheni inayoonyesha watu wa kale, aitazame yote, kisha aandike nini ndani yake ni kweli na nini ni uongo wa watengenezaji. Wenzake walikimbilia wafalme na malkia. Yeye akachagua Waviking, wale watu wa zamani sana wa kaskazini ya Ulaya, waliokuwa wanapanda mashua ndefu kwenda kuiba mali ya watu ng'ambo.

"Kwa nini hao wezi?" nikamuuliza.

"Koko, angalia tu nywele zao zilivyosukwa."

Koko ndiye mimi. Kwetu Uvira ndivyo wajukuu wanavyomwita bibi, na hata huku Durban hawajaacha.

Basi tukatazama. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, yeye ananitafsiria, ingawa watu wanaokatana kwa shoka hawahitaji mkalimani sana. Mimi macho yangu yalienda kwenye nguo. Wote wamevaa namna moja! Mume, mke, chifu, mtumwa, mvuvi, wote ni ngozi nyeusi, ngozi ya kahawia, na manyoya mabegani. Nikajua kuna msiba.

Niseme kazi yangu ndipo mtanielewa. Mimi ni mshonaji. Nina cherehani pale sokoni Warwick, chini ya turubai, karibu na wanaouza dawa za mizizi, na kazi inayonilisha ni nguo za matanga. Mkongomani akifa hapa Durban, wamama wanakutana, wanachagua kitenge kimoja, kila mmoja ananunua kipande chake, na vipande vyote vinakuja kwangu. Blauzi thelathini, arobaini, za kitambaa kimoja, na zote ziishe kabla ya maziko. Kwa hiyo mimi nikiona watu wengi wamevaa sare, siulizi kuna nini. Nauliza ni nani.

"Nani amekufa?" nikauliza Jumapili ile ya kwanza.

"Bado hakuna, Koko. Njo inaanza."

Nilifikiri labda ni mambo ya watengeneza picha, wanamficha maiti ili tusichoke. Waliokufa kwa shoka walikuwa wengi, sikatai, lakini hao walianguka kwenye matope na hakuna aliyewalilia. Mimi nilikuwa namngoja mwenyewe, yule aliyevalisha mji mzima. Jumapili ya pili nikangoja. Jumapili ya tatu harusi ikafungwa, na bibi harusi naye kavaa kama wanaokwenda kuzika. Hapo nikashindwa.

"Huyu maiti wao ni nani hasa? Jumapili tatu sasa! Mpaka wanaoana ndani ya matanga!"

Mjukuu wangu akanitazama. Halafu akaelewa. Alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kochi akakaa chini, anashika tumbo.

"Eish, Koko! Hiyo si sare ya matanga. Ni nguo zao tu. Za kila siku."

"Za kila siku?"

"Za kila siku."

"Na mke wa chifu?"

"Na mke wa chifu."

"Basi mumewe hampendi."

Akacheka tena, mama yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini, na yeye akasimuliwa, akacheka mpaka kijiko kikamdondoka. Wacheke. Mimi niliuliza swali langu palepale, na halikuwa la kuchekesha. Hawa watu wanaiba kila mahali, tumewaona wanarudi na masanduku ya fedha na dhahabu, wanakwenda sokoni, wanafika mpaka miji mikubwa ya watu. Mtu mwenye mali hivyo, kitu cha kwanza anachonunulia mke wake ni nini? Ni nguo ya rangi. Sijawahi kuona mwanamke duniani mwenye uwezo wa kuvaa nyekundu akachagua kuvaa tope.

Mjukuu wangu akaacha kucheka. Akachukua kalamu.

"Rudia hiyo, Koko. Polepole."

Jumapili ya nne chifu akafa kweli. Nikavuta kiti karibu na skrini. Wakamlaza ndani ya mashua, wakaisukuma majini, mtu mmoja akarusha mshale wenye moto, mashua ikawaka. Wengine wamesimama ufukweni, mikono inaning'inia, hakuna hata mmoja anayelia kwa sauti. Muziki kidogo. Wakaondoka zao.

"Imeisha?"

"Imeisha, Koko."

"Na chakula cha waliokuja?"

"Hawakuonyesha."

"Na hiyo nguo aliyovaa, si ndiyo aliyochomwa nayo mkuki?"

Akarudisha picha nyuma. Kweli. Tundu la mkuki liko palepale kifuani, na damu imekauka pembeni.

"Chifu mzima anapelekwa na tundu kifuani! Mke iko, watoto iko, mji mzima iko, na hakuna mmoja mwenye sindano? Hao si watu. Andika hivyo. Maiti mkubwa anashonewa nguo. Andika Koko amesema."

Akaandika. Akaandika kurasa sita, na mle ndani "bibi yangu anasema" ilikuwa imejaa kama mbegu ndani ya papai. Nilijua kwa sababu alinisomea kwenye simu, na mimi pale Warwick nikamwambia fundi jirani yangu anyamazishe cherehani yake asikie. Huyu fundi ni mwanaume wa Tanga, anashona suti, tunagawana turubai moja miaka mingi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "huyo mtoto atakuwa profesa, na wewe utaendelea kunidai uzi."

Wiki moja baadaye mjukuu wangu hakunipigia. Jumapili nikafika, nikamkuta amejifungia chumbani. Binti yangu ndiye aliyenipa karatasi. Alikuwa na uso ule anaorudi nao kutoka bandarini, kwenye ofisi ya meli anakofanya usafi, siku ambazo wamemsemesha vibaya.

"Mama, umemharibia mtoto."

Karatasi ilikuwa na wino mwekundu. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, Kiingereza cha kuandikwa kinanipita, nikamwita mtoto atoke anisomee. Akatoka. Akasoma bila kunitazama: mwalimu amesema mawazo ni mazuri, lakini bibi yako si chanzo cha historia. Anayetaka kusema Waviking walivaa hivi au walizika vile, aonyeshe imeandikwa wapi au imechimbuliwa wapi. Anampa wiki mbili kuandika upya. Asipoandika, alama anayopata ni ya kushindwa, na kazi ile ilikuwa na uzito mkubwa katika alama za mwaka. Mtoto mwenyewe anataka kwenda chuo kikuu kusoma historia. Ukishindwa historia utaombaje kusoma historia?

"Nitatoa yote ya Koko," akasema. "Nitaandika mambo ya mashua na kofia. Hiyo iko kwenye vitabu. Ni rahisi."

Nilimenya ndizi, nikala, nikaaga. Kwenye teksi nilikuwa na hasira mpaka mama mmoja wa Kizulu aliyekaa kando yangu akaniuliza kama naumwa. Si chanzo! Nimewavalisha wafu wa watu wangu tangu mashavu yangu yakiwa bado yamejaa. Najua kumpima mtu asiyeweza kusimama. Najua kitambaa gani kinashika harufu na kipi hakishiki. Na mwanamke aliyekaa darasani na kiyoyozi ananiambia mimi si chanzo.

Lakini nilipofika nyumbani, nikiwa nakoroga uji, nikajiuliza. Mimi Waviking nimewajua wapi? Kwenye televisheni. Ile ile ninayoishtaki kwa uongo. Mwalimu alikuwa amenishika pabaya. Kusema kwamba mtu mkubwa lazima alishonewa nguo ni kusema sisi tunafanya hivyo. Na sisi si Waviking. Uji ukaungua.

Asubuhi nikampigia simu mtoto kabla hajaenda shule.

"Usitoe kitu. Jumamosi tunakwenda maktaba."

"Sisi wawili?"

"Unaogopa nitakuaibisha?"

"Hapana, Koko. Naogopa utagombana na watu."

Jumamosi nikamwachia fundi wa Tanga wateja wangu, nikavaa kitenge kizuri, tukaenda maktaba ya mjini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia ndani, ingawa nimepita mlangoni pake miaka yote na furushi kichwani. Msichana wa mapokezi akaniita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, akanivutia kiti. Mjukuu wangu akamweleza anachotafuta. Tukaletewa vitabu vitatu, kimoja kizito kama jiwe la kusagia.

Saa nzima ya kwanza ilikuwa ya mambo nisiyoyajali. Zile kofia zenye pembe ambazo watu huwachorea Waviking, hazikuwepo. Hapo tamthilia yetu ilisema kweli kwa kutoziweka. Mashua ndefu nazo ni kweli kabisa, zimechimbuliwa. Nikaanza kusinzia. Halafu akafungua ukurasa wenye picha ya vitu vyeusi, vidogo kama kucha, vimepangwa kwenye kitambaa cheupe.

"Hivi nini? Panya wamekula?"

"Ni vipande vya nguo, Koko. Vimetoka makaburini mwao." Akasoma kimya, kidole kinatembea kwenye mstari. Kidole kikasimama. "Wamevipima. Wanasema sasa ni vyeusi kwa sababu ya udongo, lakini ndani yake kuna rangi. Nyekundu, ya mizizi. Na buluu, ya majani. Wanasema matajiri walipenda rangi kali."

Nilipiga meza. Watu wakageuka. Msichana wa mapokezi akaweka kidole mdomoni, lakini alikuwa anatabasamu.

"Nani si chanzo?" nikanong'ona.

"Koko, tafadhali."

Basi walioshona nguo za tamthilia walitazama kitambaa kilichooza kaburini wakadhani Waviking walikivaa hivyo hivyo. Au labda hawakutazama chochote, waliona tope linamfanya mtu aonekane mkali. Mjukuu wangu aliandika ukurasa, aliandika jina la kitabu, akapiga picha kwa simu. Mimi nilitaka twende tukale, lakini yeye akasema bado, bado mazishi.

Mazishi yalikuwa ndani ya kitabu chembamba. Humo kulikuwa na habari za msafiri mmoja Mwislamu wa zamani, aliyetoka Baghdad kupeleka ujumbe wa mtawala wake nchi za mbali, akakutana na watu hao kwenye mto mkubwa huko Urusi. Mjukuu wangu alinionya mapema: hawa ni Waviking waliohamia mashariki kufanya biashara, hatuwezi kusema wote walikuwa hivi. Nikasema sawa, hata sisi wa Durban si kama wa Uvira. Msafiri huyo alishuhudia mkubwa wao mmoja akizikwa, akaandika kwa Kiarabu alichokiona. Mtoto akanisomea kwa Kiswahili, anatafsiri papo hapo.

Alipokufa, walimweka kwanza kwenye kaburi la muda, wakalifunika.

"Kwa nini la muda?"

Alikuwa amesoma mbele, na macho yake yalikuwa yameanza kujaa.

"Koko. Walimweka humo siku kumi. Siku kumi, mpaka wamalize kukata na kushona nguo zake."

Sikupiga meza. Siku kumi! Sisi wenyewe maiti wetu hapa husubiri, siku saba, siku kumi, mpaka ndugu wafike, mpaka karatasi zitoke, na siku hizo ndizo ninazoshona. Mguu wangu kwenye cherehani unazijua siku hizo moja moja. Na watu wale wa barafu, wenye shoka, nao walimweka mtu wao pembeni wakakaa chini na mkasi.

"Soma. Alishonewa nini?"

Akasoma. Suruali. Joho la hariri yenye nakshi. Kofia ya hariri na manyoya. Vifungo vya dhahabu.

"Vifungo vya dhahabu," nikasema. "Na kwenye televisheni wakampeleka na tundu."

Na mali yake, akasoma, waliigawa mafungu matatu. Sehemu kwa familia, sehemu kwa pombe, na sehemu nzima kwa nguo hizo. Nikamwomba arudie, nikamwomba arudie tena. Hapa Durban nimebembelezana na watu wanaotaka nipunguze bei ya kushona shingo tu.

Mashua nayo haikusukumwa majini. Waliivuta nchi kavu, wakaiweka juu ya kuni, wakaichomea hapo. Huo mshale wa moto ni utamu wa televisheni. Mtoto akaandika. Kisha akaendelea kusoma kimya, na uso wake ukabadilika. Akafunga kitabu juu ya kidole chake.

"Iko sehemu mbaya, Koko. Hiyo niiache."

"Soma."

Akasoma kwa sauti ndogo. Walimuua msichana mtumwa ili amfuate bwana wake. Namna walivyomfanya kabla ya kumuua sitaisimulia hapa. Yeye alinisomea yote, nami nilisikiliza yote. Alikuwa msichana wa umri wa huyu aliyekaa mbele yangu, pengine.

"Kwenye tamthilia hakuwepo," mtoto akasema.

"Njo sababu utamwandika. Ulitaka kuwaonyesha walivyovaa vizuri, waonyeshe. Lakini usiwafulie uchafu wao. Mwalimu anataka ukweli, mpe na huo."

Akaniangalia kama ananiona upya. Halafu akaandika, polepole kuliko kote.

Jumatatu alikuja Warwick moja kwa moja kutoka shule, na sare yake, na swali. Mtu aliyekaa kaburini siku kumi, hata kama kuna baridi, amekakamaa. Utamvalishaje joho lenye mikono na vifungo?

Fundi wa Tanga akaangua kicheko. "Hilo ndilo swali la kuleta kwa bibi yako. Vitabu weka pembeni."

Nikamwonyesha. Hatumwonyeshi kila mtu, maana wafiwa hawapendi kujua. Koti la maiti tunalipasua mgongoni, toka ukosini mpaka chini. Mikono ya marehemu inaingizwa kwa mbele, kama unavyovaa aproni ya hospitali, halafu vipande vya nyuma vinakunjwa chini ya mgongo. Anayekuja kuaga anaona koti kamili, vifungo vimefungwa, ukosi umekaa. Chini yake hakuna mtu wa kutazama.

"Na wao walipasua?" mtoto akauliza.

"Lazima walipasua."

"Hatujui, Koko. Msafiri hakuandika. Nitasema sisi tunapasua, na wao hatujui."

Neno hilo, hatujui, lilinikera kidogo. Lakini alilisema kwa heshima, kidevu juu, kama mtu anayeweka bei na hashuki. Nikamwacha.

Kazi mpya angeikabidhi kwanza, kisha aisome mbele ya darasa, na alitaka kitu cha kuonyesha. Nilikuwa na pazia jekundu la zamani, zito, la kanisa. Nikalikata joho. Fundi wa Tanga aliniangalia ninavyopima hewa.

"Mama, sasa unawashonea Wazungu waliokufa zamani zote hizo?"

"Ndiyo. Na hawanisumbui kama wateja wako. Hakuna aliyenipigia simu kuuliza imefika wapi."

"Malipo je?"

"Watanilipa na mali waliyoiba."

Akainama chini ya meza yake, akatoa kikopo, akachagua vifungo sita vya rangi ya dhahabu vilivyotoka kwenye koti la mwanamuziki mmoja aliyenenepa. Akavishona mwenyewe. Sikumwomba. Alivishona kwa ile namna yake ya kuzungusha uzi mara nne shingoni mwa kifungo, ambayo nimejaribu kumuiga miaka yote na sijaiweza. Kutoka nyuma joho lilikuwa wazi kabisa, kutoka mbele lilikuwa la mfalme.

Siku ya darasani sikwenda. Kulikuwa na msiba wetu, blauzi ishirini na mbili za kitenge cha kijani. Lakini niliharibu mikono miwili ya blauzi kwa kutazama saa. Mchana nikamwona anavuka kwenye roboti, zile taa za barabarani, bado nyekundu, mkoba unaruka mgongoni, joho limefungwa mkononi kama mtoto mchanga.

"Simama vizuri uvuke, wewe!" nikapiga kelele. "Alama gani?"

"Themanini na moja!"

Nilipiga kigelegele mpaka wauza mizizi wakajibu, bila kujua wanajibu nini. Fundi wa Tanga akasimama akampa mkono kama mtu mzima. Mtoto akasimulia akihema: alivaa joho, akawageukia darasa kwa mbele, wote wakasema wow, kisha akageuka nyuma, wakapiga yowe. Aliposoma habari ya msichana mtumwa hakuna aliyecheka. Mwalimu alisimama dirishani muda wote, mikono nyuma.

Halafu akanionyesha karatasi ya mwisho, ile wanayoorodhesha vitabu walivyotumia. Vitabu vitatu. Na chini yake mstari mmoja zaidi, ameuandika yeye: bibi yangu, mshonaji wa nguo za matanga, mazungumzo nyumbani na kazini, kuhusu desturi za Wakongomani wa Durban. Pembeni mwalimu ameweka alama ya vyema, nyekundu.

"Hapo kwenye mambo yetu wewe ni chanzo," mtoto akasema. "Kwenye mambo ya Waviking, hapana. Nimemweleza hivyo, amekubali."

"Amekubali!" nikasema. "Asante yake."

Lakini kulikuwa na wino mwekundu mahali pengine, ukurasa wa nne. Nikaukuta kwa macho yangu. Nikamwambia asome, asinifiche.

Akakohoa. Mimi nilikuwa nimemwambia, na yeye ameandika, kwamba nguo za mkubwa yule zilishonwa na wanawake kwa siku kumi. Mwalimu ameandika pembeni: msafiri hasemi nani alishona. Nani amekuambia ni wanawake?

Nikasikia cherehani ya jirani yangu inapunguza mwendo, inasimama.

"Mtoto," fundi wa Tanga akasema taratibu, anafurahia kila neno, "hebu soma tena hapo. Kwa sauti."

Akasoma tena.

"Mwalimu huyo ana akili," fundi akasema. "Vifungo vya dhahabu vilishonwa na nani, mama? Eh? Niambie mbele ya mjukuu wako. Vifungo vya dhahabu vilishonwa na nani?"

Nikamtazama. Nikatazama joho, vile vifungo sita vimekaa kama vimezaliwa pale. Nilicheka mpaka nikafuta macho kwa kipande cha kitenge cha watu. Ametushika, mwalimu yule. Nimekaa bega kwa bega na fundi mwanaume miaka yote hii, na nilipofikiria sindano nikawafikiria wanawake tu.

"Hatujui," nikasema.

"Sikusikia," akasema fundi.

"Nimesema hatujui! Rudi kwenye suti yako."

Chini kabisa ya karatasi, baada ya alama, mwalimu alikuwa ameacha swali moja, na hilo halikuwa la mtoto. Lilisema: muulize bibi yako, kwa fundi anayeijua kazi hiyo, siku kumi zinatosha?

Mjukuu wangu akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatoa daftari, akaandika tarehe juu ya ukurasa, akanyanyua kalamu akanisubiri. Hakutabasamu. Alikuwa ananisubiri kama alivyokuwa anakitazama kile kitabu kizito.

Sikukurupuka kujibu. Nikahesabu suruali. Nikahesabu joho, na nakshi, na kofia yenye manyoya, maana manyoya yanavunja sindano. Nikamuuliza fundi kuhusu vifungo, naye akafikiri, akajibu. Nikafikiria baridi ya huko na vidole vinavyokakamaa, na kwamba hawakuwa na cherehani.

"Andika," nikamwambia. "Fundi mmoja, hazitoshi. Mafundi watatu wanaweza, kama mmoja wao haongei sana. Na waanze siku ya kwanza, wasingoje wageni."

Akaandika yote, mpaka lile la asiyeongea sana. Kisha akaniuliza kama nina hakika kuhusu manyoya, nami nikamwambia alete kipande cha manyoya tujaribu.